Koti Lenye Mfuko wa Kombo

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika Kariakoo, mchana kweupe, mbele ya watu arobaini na mmoja. (Nimewahesabu mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa arobaini. Mmoja alikuwa ameanguka chini kwa kicheko, sikumwona.)

Nawaandikia ninyi wenzangu wa kibarazani, Tabora, kwa sababu kusimulia kwa mdomo siwezi. Mdomo umegoma. Kalamu haina haya.

Nianze na asubuhi.

Mnajua safari yangu ilivyo. Bwana mwenye duka alinipa siku saba, hakuongeza hata ya kunyolea ndevu. Mbili za kuja, tatu za kutembea, mbili za kurudi. Nimezijumlisha kutoka mbele na kutoka nyuma, ni saba. Siku ya nane asubuhi nisipokuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, anakaa Sefu. Na Sefu alikuja kunisindikiza stesheni akiwa na utepe wake wa kupimia shingoni. Mtu gani anakwenda kuaga na utepe shingoni?

Siku tatu za Dar es Salaam nimezitumia vizuri. Nimelala bure Ilala kwa mtu wa kwetu. Nimeuona mnara wa saa. Nimeiona sanamu ya askari, nikaizunguka mara mbili, ni askari yule yule. Bahari nilikwenda kuiona siku ya kwanza, nikakuta maji yamekupwa. Tope, kaa, na boti moja imelala ubavu. Siku mbili garini kuja kutazama tope! Nikamwuliza bwana mmoja aliyekuwa akichokoa kaa:

"Ndiyo yote hii?"

"Itarudi jioni."

Siku ya pili nikaikuta imerudi. Ikaniloweshea viatu. Hadi leo vinalia kwikwi nikitembea.

Basi leo ndiyo siku ya kuondoka. Saa moja asubuhi nilikuwa stesheni kwa gari la saa tatu. Karani akaniambia gari halijafika, maji yamekula tuta la reli huko bara.

"Litaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi?" (Huwa nauliza mara mbili.)

"Saa kumi, bwana. Pisha wenzako."

Saa tisa nzima za kukaa bure! Kurudi Ilala haiwezekani. Nimeshaaga. Mtu akishaaga, akapewa na karanga za njiani, harudi asubuhi hiyo hiyo kusema gari halipo. Nikasema nitazame Kariakoo kwa mara ya mwisho. Pale stesheni kulikuwa na mzee anayelinda mizigo ya watu kwa senti thelathini. Senti thelathini kwa mfuko usiokula wala usiokunywa! Nikautia begani mwenyewe. (Hapa ndipo balaa lilipoanzia. Wekeni alama.)

Sasa sikilizeni akili yangu. Kabla sijaondoka Tabora mliniambia wenyewe kwamba wezi wa Kariakoo wanaweza kukuibia chafya kabla hujaipiga. Basi tiketi ya kurudia niliishonea ndani ya bitana la koti langu. Mishono midogo midogo, hamsini na mbili. Koti nikalikunja, nikaliweka chini kabisa ya mfuko, juu yake nguo chafu. Nani ataiba koti kwa joto hili? Nilijiona nina akili kuliko wezi wote wa pwani.

Nikakata Mnazi Mmoja kwa miguu, kwikwi, kwikwi, nikaingia Kariakoo.

Ndugu zangu, sijui niseme nini kuhusu Kariakoo. Kila kona mtu anauza. Huyu anapiga kengele, yule anapiga debe, wa tatu anapiga kelele tu kwa koo lake. Minada mitatu nimeikuta katika mtaa mmoja. Mimi nikiona mtu anataja bei, ulimi unawasha. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimepatana bei ya vitu kumi na saba, nimenunua kimoja. Limau.

Mnamo saa nane nikapita mtaa mmoja nyuma ya soko. Mbele ya nyumba pametandazwa turubai, chini mikeka, watu wamekaa tele. Katikati kasimama mama mmoja mnene, amejifunga kanga, juu ya kanga mkanda wa kiume, kichwani kofia ya pama, mkononi bakora. Mbele yake vitu chungu nzima: kiti, taa ya chemli, sinia, baiskeli.

"Haya, nani anachukua?" anapaza sauti. "Chukueni! Mwenyewe hana haja navyo tena!"

Watu wanacheka. Mnada wa nne! Na ile kofia ya pama, wallahi, niliipenda papo hapo. Nilijiona nayo kichwani nikishuka stesheni Tabora, Sefu ananitazama.

Kibarazani palikuwa na vikapu na mafurushi ya watu. Nikautua mfuko wangu hapo katikati ili nipate nafasi ya mikono. (Kupatana bei bila mikono ni kama kuogelea bila maji.) Nikapenya hadi mbele.

"Mama, kofia hiyo shilingi ngapi?"

Akanitazama toka viatu hadi utosi. "Kumi!"

"Kumi! Kofia au nyumba?"

Watu wakacheka. Nikafurahi. Nikasogea.

"Wewe unatoa ngapi?"

"Moja. Na hiyo ni kwa heshima yako. Tazama ukingo ulivyolegea. Tazama ndani, jasho la miaka. Huyu mwenyewe alikuwa haogi kichwa?"

Mzee mmoja mkekani akafunika mdomo kwa kofia yake. Mwingine akapiga paja.

"Tisa," akasema mama.

"Moja na senti ishirini. Na imepinda, mama. Kofia haipindi bure. Mwenyewe alikuwa na kichwa cha upande mmoja. Upande huu akili, upande huu uvivu mtupu."

Vifijo! Sijawahi maishani kupata watu wa kunisikiliza namna ile. Ninyi hapo kibarazani nikisema mnatazama barabarani.

"Tisa, sipunguzi tena," akasema mama. "Mwenyewe hakuniachia ruhusa."

Ndipo nikasema. Nayakumbuka yote, maneno kumi na moja: "Basi mwiteni mwenyewe! Mimi sipatani na dalali, napatana na mwenye mali."

Kicheko kikakatika kama uzi.

Hata sufuria nyuma ya nyumba nadhani ziliacha kuchemka. Yule mama akaivua kofia polepole, akaishika kifuani.

"Mwenyewe," akasema, "tumemzika juzi. Ukitaka kumwita, ita kwa nguvu."

Nikageuza shingo. Sasa ndiyo nikaona. Wazee wameshika tasbihi. Wanawake mlangoni wamejitanda kaniki. Nyuma wali unapikwa kwenye sufuria za kulisha mtaa mzima. Matanga! Nilikuwa nimesimama katikati ya matanga ya watu, nimetukana kichwa cha marehemu mbele ya wanawe, halafu nikaagiza aitwe!

Miguu ilitaka kukimbia ikakosa amri.

Akatoka mlangoni bibi mmoja mwembamba, macho mekundu, sauti imekauka. Baadaye nikajua ni Bi Mwanaheri, dada wa marehemu, na marehemu ni Mzee Kondo. Akaniuliza:

"Wewe kijana, kabila gani?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya.

"Mnyamwezi, bibi. Wa Tabora."

Hapo ndipo wale arobaini walipolipuka. Yule wa arobaini na moja ndipo alipoanguka.

Mnajua wenyewe, sina haja ya kuwafundisha. Wenye msiba walikuwa Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Mmoja akifiwa, mtani wake ndiye anayekuja kumsema marehemu, anavaa nguo zake, anakamata vitu vya nyumba, wenyewe wavikomboe kwa chochote, ili wafiwa wapate kucheka katikati ya kilio. Mimi nimeyaona hayo tangu sijaota meno. Nimeyafanya mwenyewe! Lakini nilidhani ni mambo ya kwetu. Sikutegemea kuyakuta nyuma ya soko la Kariakoo, na minada mitatu nimetoka kuipita.

Na yule mama wa kofia? Mnyamwezi! Bi Nyamizi, ameishi hapa mjini miaka mingi. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia pamoja na viatu.

"Kaka yangu! Mimi niko hapa tangu asubuhi namsema huyu mzee, lakini kumwita aje! Sijathubutu! Nani kakufundisha?"

Jamani, walidhani nimefanya makusudi.

Mtu mwenye akili angesema, "Hapana, nimekosea, poleni kwa msiba." Mimi nikainamisha kichwa kidogo kama bingwa, nikasema, "Ndivyo tulivyo." Nikakaribishwa mkekani. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki, sahani mbili. Watu wakawa wanakuja kunitazama. Nikaongeza na mengine juu ya masikio ya marehemu, ambayo sikuwahi kuyaona.

Saa tisa nikanyanyuka, nikashukuru, nikaenda kibarazani kuchukua mfuko wangu.

Haupo.

Nikahesabu vikapu na mafurushi. Kumi na tatu. Nikahesabu tena. Kumi na tatu, na hakuna wangu.

"Bi Nyamizi! Hapa palikuwa na mfuko wa kaki."

"Ule? Nimeukamata zamani," akasema huku anatafuna. "Nilijua ni wa marehemu. Wenyewe wameshaukomboa kwa kuku."

"Kuku! Uko kwa nani?"

Akaelekeza kidole mlangoni.

Bi Mwanaheri amekaa kizingitini. Mapajani kwake limekunjuliwa koti langu. Ameuzika uso humo, analia.

"Kaka yangu wee," anasema. "Koti lake la Idi hili. Hata jasho lake nalijua."

Jasho langu hilo! Jasho la daraja la tatu, siku mbili!

Nikapiga magoti. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mtani."

"Bibi, nakuomba. Hilo koti ni langu."

Akainua uso. Akanitazama. Halafu nyuma yangu nikasikia: "Kaanza tena!" Watu wakainuka mkekani wakatuzunguka ili wasipitwe.

"Ni langu kweli! Gari langu linaondoka saa kumi, na tiketi imo humo ndani, nimeishonea kwenye bitana!"

"Haa!" akapiga kelele mzee wa tasbihi. "Kumbe Kondo alikuwa na tiketi! Alikuwa anatutoroka kwenda wapi?"

"Si Mzee Kondo, ni mimi!"

"Sasa anajifanya Kondo!"

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Nikaapa kwa mama yangu, wakashikana mabega. Nikavua kiatu nikakipiga chini kwa hasira, kikalia kwikwi, basi! Hapo hata wapishi waliacha mwiko wakaja. Hakuna hata mtu mmoja katika Dar es Salaam nzima aliyenisadiki, na saa zinakwenda, na huko Tabora Sefu anapaka mafuta cherehani yangu.

Ilibaki njia moja. Nilijua nikiitumia nimekwisha. Nikaitumia.

"Bibi," nikasema kwa sauti ndogo, "tazama mfuko wa kushoto wa hilo koti. Umekwenda kombo."

Akautazama. Akaunyoosha kwa kiganja, ukarudi kombo. Akamwonyesha mzee wa tasbihi. Mzee akainamisha kichwa upande ili auone umenyooka.

"Kweli umekwenda kombo," akasema Bi Mwanaheri. "Fundi gani alishona uchafu huu?"

Nikatazama chini.

"Mimi."

"Na kazi yako nini wewe?"

"Fundi cherehani."

Sitawaandikia kilichofuata. Fikirieni ngurumo, kisha iongezeeni wanawake.

Lakini bibi hakucheka. Alilitazama koti kwa uchungu, akasema, "Basi si la kaka yangu. Kaka yangu asingevaa mfuko huu hata kuchungia mbuzi." Akafuta pua kwa mkono wa koti, mkono wa koti langu, akalikunja. Nikanyoosha mikono. Akalirudisha mapajani.

"Nimelilia koti hili tangu ulipokuwa unakula wali wetu," akasema. "Nadhani namlilia Kondo, kumbe nalilia Mnyamwezi. Machozi yangu nani atayarudisha?"

"Bibi, nitakupa..."

"Sitaki kitu chako. Utamlilia kaka yangu. Mara saba. Pale barabarani, kwa kugaagaa."

Bei! Hapo roho ilinirudi kidogo, maana bei ndiyo lugha yangu.

"Mara moja, nimesimama."

"Saba."

"Mbili, nimepiga magoti, na jina nalitaja."

"Saba."

"Tatu, bibi, na ya kugaagaa ni moja. Saa tisa na nusu hii, nitaachwa na gari!"

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Ndiyo maana sipunguzi."

Miaka kumi na minne ninapatana bei na watu wa kila namna, sijapata kumwambia muuzaji kwamba nina haraka. Leo nimemwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Nikaenda barabarani nikalala chini.

"Mzee Kondo weee! Umetuachia nani!" Moja. Mkokoteni wa ndizi ukasimama. "Mzee Kondo, rudi uchukue kofia yako!" Mbili. Mwenye baiskeli akashuka. Ya tatu nilimwona Sefu kwa macho ya moyo, amekaa kwenye kiti changu, anakanyaga. Machozi yakaja yenyewe. Ya nne na ya tano nililia kweli, kwa ajili ya nafsi yangu, vumbi puani. Watu wa mtaa wa pili wakaja kuuliza nani amefariki tena. Sita. Saba.

Nikainuka. "Saba, bibi. Lete koti."

"Sita."

"Bibi, saba! Mimi nahesabu mara mbili!"

"Sita," akasema Bi Mwanaheri, akawageukia watu. "Eti ngapi?"

"Sita!" wakajibu wote. Hata mwenye mkokoteni, ambaye alifika ya kwanza imeshapita.

Nikalala chini nikalia ya nane.

Ndipo bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, mpaka Bi Nyamizi akaenda kumshikilia kiuno. Wanawake wakatazamana. Mmoja akaniambia nilipokuwa najipangusa vumbi kwamba bibi hajacheka tangu kaka yake alipokata roho, wala hajala. Bibi mwenyewe akanipa koti kwa mikono miwili, na mfuko wangu pia. Nilipapasa bitana. Tiketi imo. Nilipapasa tena. Imo.

Nikatimua mbio. Mnazi Mmoja nimeikata kama mtu anayefukuzwa na nyuki, koti mkononi, mfuko begani, vumbi hadi nyusi, viatu vinalia. Watu walinipisha. Nikaingia stesheni saa kumi kasoro dakika nne. Nikamshika karani dirishani.

"Gari! Liko wapi gari!"

Akanitazama kwa huruma. "Halijafika, bwana. Maji yamezidi. Kesho saa tatu."

"Ulisema saa kumi!"

"Nilikwambia nilivyoambiwa." Kisha akainama kidogo. "Pole. Umefiwa?"

Mara nane! Nimegaagaa mara nane kuwahi gari ambalo halipo! Ningalikaa mkekani nikala sahani ya tatu, ningalikuwa nimewahi sawasawa.

Angalau bwana mwenye duka hawezi kunilaumu, maana gari likichelewa anachelewa kila mtu, na vitambaa vyake vimo humo humo. Hilo ndilo la kumwambia Sefu, kama tayari amekaa.

Sasa, pa kulala. Ilala nimeaga. Nyumba ya wageni wanataka fedha kwa kufumba macho tu. Nilitembea sijui ninakokwenda, na miguu ikanipeleka yenyewe, kwikwi, kwikwi, mpaka nyuma ya soko. Bi Mwanaheri alikuwa kizingitini, na sahani ya wali mbele yake, nusu imekwisha.

"Gari?"

"Halikuja, bibi."

"Litakujaje na hitima haijasomwa? Ingia ndani, mtani." Akachukua ile kofia ya pama kwenye msumari, akanibandika kichwani, akarudi nyuma kutazama. "Imekaa. Kichwa cha upande mmoja kimepata mwenzake."

Hakutaka hata senti.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa matangani, juu ya mkeka, magharibi haijaingia, kofia ya marehemu kichwani, na imenienea kabisa, jambo ambalo sitaki kulifikiria. Stempu sinunui. Barua hii ingepanda gari lile lile ninalopanda mimi, sasa ya nini kumlipa posta? Nitawapa mkononi nikifika, halafu nitageukia ukutani mpaka mmalize kusoma.

Naomba jambo moja tu: asicheke mtu. Nikigeuka nitahesabu mabega yanayotikisika, na mnajua nahesabu mara ngapi.